Baada ya Filimbi ya Mwisho

Sogeeni, wanangu, msiniketie mbali kama majirani waliokuja kutoa pole. Wewe kifungua mimba wangu kaa hapo chini karibu na deki, maana mikono yako ndiyo itakayofanya kazi leo, na wewe kitindamimba kaa hapa kitandani nikushike mkono, na huo uso ulionuna ninausikia hata kama siuoni. Daktari amenirudisha nyumbani, nanyi mnajua daktari hamrudishi mtu wa hali yangu kwa kumpenda. Nina maneno, na baada ya maneno nina kazi, na kazi yenyewe haina marudio. Asinikatize mtu.

Mali kwanza, msije mkazozana mbele ya jeneza. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, isiuzwe wala isikatwe ukuta kwa hasira ya mtu. Chumba hiki cha mbele, kilichokuwa duka la kukodisha kanda za video na kikawalisha na kuwasomesha, nampa binti yangu aweke cherehani zake, kwa kuwa kina mwanga na mlango wa barabarani. Vyumba vya nyuma ni vya kaka yake na watoto wake. Kanda zilizobaki kwenye rafu, za ngumi na za mapenzi, zitupeni, ukungu umeshazila. Wateja wote walionirudishia kanda bila kuirudisha mwanzo nimewasamehe, isipokuwa yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Huyo tutamalizana huko mbele.

Sasa tuje kwenye jipu, kwa kuwa tangu msiba hatujawahi kulitumbua tukiwa chumba kimoja. Mlikuwa watatu. Pacha wako, binti yangu, alichukuliwa na homa iliyoanza asubuhi ikammaliza kabla hatujapata gari, na picha yake tuliyobaki nayo ilikuwa moja tu, ile kanda ya alasiri baba yenu alipoazima kamera kwa mpiga picha wa harusi akawarekodi mkiruka kamba uani. Nilikivunja mwenyewe kile kipande cha plastiki ubavuni mwa kanda ili asije mtu akarekodi juu yake. Na huyu kaka yako, ndevu ndiyo kwanza zinamwota, hakuuliza, hakutazama, alichukua kanda ya juu kwenye rundo, akaziba lile tundu kwa plasta ya kidonda, akarekodi mpira. Mpira, jamani!

Ukaapa hutakanyaga kwake, nawe umetimiza: kwenye harusi yake hukuja, na watoto wake wanakujua kwa kusikia tu. Nakuelewa. Watu walikuambia picha ya nini, si ujitazame kwenye kioo, mlifanana kama nini. Ukaja kunililia kwamba kwenye kioo unajiona wewe unavyozeeka, yeye humuoni. Lakini na hili ulisikie, maana yeye hatalisema: tangu siku ile kaka yako hajakaa mbele ya mpira. Wenzake wakishangilia barabarani, yeye anaingia uvunguni mwa lori lake anajifanya anakaza nati. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi mimi nimelima miaka yote hii, mgongo umepinda, na sijavuna hata jani. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, na sikuwaita niwaambie mzoe.

Nimewaita kwa sababu hayakumwagika yote.

Juzi hapa, nikipapasa rafu nitenge kanda za kutupa, kidole changu kikagusa plasta. Macho haya siku hizi yananipa mwanga tu, lakini plasta ile niliijua. Baba yenu alikuwa ameisukumiza kanda ile nyuma kabisa akapiga marufuku isiguswe, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyeigusa, maana nani angetaka kuutazama mpira ule? Nikasema leo nitausikiliza, nijue ulikuwa mtamu kiasi gani. Nikaitia kwenye deki. Nikasikiliza kelele zao zote mpaka filimbi ya mwisho, chenga za kioo cha runinga zikavuma, nikawa natafuta kitufe nizime. Ndipo mtoto akaita: "Mama! Mama, njoo unione!"

Mpira ulikuwa mfupi kuliko kanda, wanangu. Kaka yako aliacha kurekodi mchezo ulipokwisha, na mkia wa alasiri ile umebaki palepale, sisi tunagombana juu yake. Na usiniambie huenda aliyeita ni wewe, binti yangu. Sauti zenu zilifanana kama nyuso, lakini mimi ndiye niliyezibembeleza. Yake ilikuwa na mkwaruzo mwishoni. Ni yeye. Kisha nikasikia sauti nyingine, ya mwanamke kijana mwenye haraka zake, kutoka jikoni: "Ngoja, nina kazi!" Huyo ni mimi.

Hapo deki ikaanza kulia mlio mbaya, nikajua kanda inatafunwa, nikaizima upesi. Kwa hiyo sijui. Sikumbuki kama nilitoka. Nimelala hapa nikiitafuta alasiri ile kichwani, kamba naiona, mafuta kwenye kikaango nayasikia, lakini kama niliacha kazi nikaenda kumtazama mtoto wangu akiruka, au nilimwambia ngoja mpaka jua likazama, hilo sina. Mama gani hasemi ngoja? Si dhambi. Ila huyu hakupewa muda wa kungoja, na mimi naogopa, wanangu, naogopa kwenda kukutana naye sijui nilimfanyia nini.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Kaka yako ameifungua kanda, anasema ukungu mweupe umeota ukingoni na unga wa kahawia unapukutika, na huo unga ndio picha yenyewe. Itapita kwenye deki mara moja, tena kwa kuombewa. Kuitazama na kuihamishia kwenye diski ni kitu kimoja, hakuna kujaribu kwanza. Ameifuta kwa mkono, ameitia kwenye gamba jipya, ameizungusha kwa kidole mpaka karibu na ile filimbi. Ahsante, baba, umefanya kazi ya mtu mzima. Sasa yashikeni haya. Vichwa vya deki vipanguse tena kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, usitumie pamba, pamba inaacha nyuzi na nyuzi hizo mtaziona usoni mwa mtoto. Ule waya wenye kichwa cha njano tupa kule, unabananisha rangi zote njia moja mpaka wekundu wa nguo unamwagika nje. Chomekeni ule wa pini ndogondogo, na nyaya za sauti pembeni yake. Mashine ya diski iwekeni kwenye kipimo cha diski kujaa kwa saa moja, si kwa saa sita, maana ubahili wa diski huleta nyuso za vipande vipande kama vigae vya chooni. Picha ikiyumba, wewe mkubwa inyooshe kwa kile kitufe cha mbele, kidogo kidogo. Msiing'arishe, msiikate kingo, chenga zake nazo ni zake. Mkimaliza, agizeni mashine iifunge diski kabla ya kuitoa, la sivyo haitasomeka kwingine, kisha mtoe nakala, kila mmoja na yake, msije mkanigombania mtoto mara ya pili.

Atakayebonyeza deki icheze ni kaka. Atakayebonyeza diski irekodi ni dada. Vitufe viwili, watu wawili, kwa neno moja, na ndiyo, nimepanga hivyo makusudi. Shuka kitandani, binti yangu, kaa naye huko chini. Hatakung'ata.

Na hili mlishike kuliko yote. Nikinyamaza katikati, msizime. Nikikoroma vibaya, msizime. Asinyanyuke mtu kuja kunitikisa. Maiti haina haraka, kanda ndiyo yenye haraka. Lieni mkitaka, sauti inapita kwenye waya, kilio chenu hakitaingia.

Mungu awape riziki ya mikono yenu. Awape milango isiyofungiana. Watoto wenu wakiwaita, muwe na nguvu za kuitika. Nilichowakosea nisameheni, mlichonikosea nimekiacha hapa hapa kwenye shuka. Radhi zangu mnazo, wote watatu.

Haya. Semeni moja, mbili... bonyezeni.

Filimbi hiyo. Chenga... tulieni, zitapita. Nisimulieni, mimi naona weupe tu. Kamba? Mguu? Gauni la nani hilo... la njano, ndiyo, nililishona mimi. Huyo! Mmesikia mkwaruzo? Binti yangu, umemsikia? Usijibu, lia tu. Na huyo wa jikoni ni mimi, mpumbavu yule na kikaango chake.

Deki inalia... iache, mkubwa, iache. Nyoosha. Kidogo kidogo. Dada yako akushike bega... hivyo. Bado anaruka? Anatazama mlangoni? Mbona kimya... mbona...

Msizime.

Ssss. Ongezeni sauti. Ta, ta, ta, kwenye saruji... mnazisikia? Ni kandambili. Ni kandambili zangu hizo, zinavuka uani. Msiz... Nakuja, mama. Nakuja nikuone.