Firigisi ya Hamida Shikanga

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Hamida Shikanga, binti wa Ekero, aliyezikwa Jumanne nyumbani kwao. Hamida alikuwa mshauri wa mikakati ya biashara. Yaani kampuni ikitaka kujua ipanue nini na ifunge nini, inamwita yeye.

Kazi hiyo ina historia chungu hapa kwetu, na wengine wakisahau, mimi sisahau. Hamida akiwa darasa la sita, baba yake alikuwa mpima miwa kiwandani. Wakaja wataalamu wenye suti, wakauliza maswali. Mzee Shikanga akawakaribisha kwake, akachinja kuku. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, akampa mkubwa wao kwa heshima. Mabwana wakala, wakapangusa midomo, wakaenda zao. Mwezi uliofuata karatasi ikabandikwa getini. Mzee aliisoma akiwa ameshika baiskeli: hana kazi.

"Baba hakuililia kazi," anasema Jamal, kaka yake Hamida. "Aliililia ile firigisi. Alikuwa anasemanga, 'Walijua, na bado walikula.'"

Na binti je? Alisema, "Nitaenda nijue hiyo karatasi inaandikiwa wapi."

Akaenda. Alisoma mpaka kampuni moja ya ushauri Nairobi ikamwajiri. Miaka ya mwanzo walijazana vijana chumba kizima, wakichambua hesabu za watu wiki nzima. Kisha ikaja akili mnemba, na kazi ya wiki ikawa ya dakika. Wenzake wakapunguzwa. Waliokuwa wakishauri watu wafutwe, wakafutwa na kompyuta. Kuna waliocheka. Hamida hakucheka. Yeye alibakizwa asome kompyuta imesema nini, kisha atume kwa barua pepe.

Hapo pa kutuma ndipo palipomshinda.

Mwaka juzi ikaja kazi ya ushirika wa wafuga kuku, Navakholo. Kompyuta ilisema wafugaji waagize kwa simu gari la kuchukua kuku, na wakusanyaji wanaozunguka vijijini kwa baiskeli waondolewe. Mkubwa wake akamwambia tuma. Hamida hakutuma. Alikuja Navakholo mwenyewe.

Uani kwenye ofisi ya ushirika, sufuria ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji, ilishatokota. Akawaambia akina mama, "Epueni kwanza. Nikishasema, mtanipakulia kama bado mnataka."

Akasema. Alimtazama Jairus Were, mkubwa wa wakusanyaji, akamwambia kazi yake inakwisha.

"Wewe si wa Ekero?" Were akamuuliza. "Tulidhani ni mtoto wetu."

"Mimi ni mtoto wenu, mzee. Nimetafuta kosa kwa hiyo hesabu usiku na mchana, sijaliona. Lakini sisaini kitu mpaka viongozi wa ushirika wakae nanyi hapa, mkubaliane mtatokaje."

Walikaa. Awinja, aliyekuwa mkusanyaji, leo ndiye anayepokea oda za simu. Were hakupata kitu. Umri ulikuwa umekwenda. Siku hiyo hakuna aliyempakulia Hamida. Aliondoka na njaa yake. Were naye akaacha kuitikia salamu zake.

Mimi bado nasema ushauri ule ulikuwa mbaya. Nililisema hilo hapa hapa hewani, na Hamida akanipigia: "Endelea kupiga kelele, kaka. Wakubwa wangu wanadhani huku mmelala."

Mwaka huu ugonjwa wa figo ukamrudisha Ekero. Mwezi uliopita Were akabisha hodi, kuku mzima kwapani. Akamwomba Jamal achinje, ili nyumba hiyo ya Kiislamu ile bila wasiwasi. Obusuma, ugali wetu, ikaja, kuku akaja. Firigisi ikawekwa kwenye sahani ya mgeni. Were akaichukua, akaiweka kwenye sahani ya Hamida.

"Mzee, hii si yangu. Nilikutoa kazini."

"Ulinitoa," Were akajibu. "Na sijafurahi mpaka leo. Lakini ulikuja mwenyewe, ukasema kabla ya kula. Kula sasa, mama, kabla haijapoa."

Jamal anasema aliila polepole, kipande kwa kipande, na hakuna aliyemharakisha.

Pole sana Mama Khadija, uliyemzaa. Pole Jamal na ukoo wote wa Shikanga. Mwenyezi Mungu amrehemu Hamida.

Na wewe uliye huko ghorofani, kidole juu ya kitufe cha kutuma, kompyuta imekupa jibu na jibu labda ni sawa. Kabla hujabonyeza, fikiria wale watakaolisoma. Kwa nani kati yao utaweza kukaa tena ukala?