Ukumbi Wetu Unatumika, Amesema Naibu Waziri

Benchi langu liko ukutani mwa nyumba, upande wa barabara ya kwenda Sigino, na jua likishavuka mlima Kwaraa linawapata wote waliokaa kwa usawa. Kahawa naipika mwenyewe tangu mzee wangu alipofariki. Naitwanga pamoja na tangawizi kama alivyonielekeza, na hadi leo nikishika mchi namsikia: "Benadetha, usiionee huruma, twanga." Wateja wangu wa kila siku ni watatu. Yupo Salvatory, karani mstaafu wa mahakama, tunamwita Kifungu kwa sababu hawezi kuomba hata sukari bila kutaja sheria. Yupo Melkiadi mchomeleaji, huyo ni Cheche. Na yupo Parkesian, Mmasai aliyehamia mjini zamani akawaachia kaka zake ng'ombe. Tunamwita Dodoma, maana Bunge likikaa redio yake haihami stesheni. Jumatano hiyo kahawa ilipoa vikombeni. Mbunge wetu wa viti maalumu alikuwa amesimama kuuliza swali letu.

Letu kweli kabisa. Mwezi uliopita alipita hapa, akakaa kwenye benchi hili, akanywa vikombe viwili. Mjukuu wangu Careen akamweleza habari za kikundi chao cha ngoma: ghala wanalofanyia mazoezi mwenyewe analitaka Jumapili hii, mahindi yake yanaingia. Walikuwa kumi na wawili, sasa wamebaki saba. Wakitoka pale bila pa kwenda, kikundi kimekufa. Mheshimiwa aliandika yote kwenye daftari, na Jumatano aliyasema yote, sitamnyima haki yake. Alisema vijana wa Babati ndio wanaompokea kila mgeni wa serikali kwa ngoma, lakini hawana hata chumba cha kufanyia mazoezi. Akauliza serikali ina mpango gani.

Naibu Waziri akajibu kwamba serikali inatambua mchango wa vijana katika sanaa, na kwamba mtaa huo tayari una ukumbi wa jamii, umekamilika miaka miwili iliyopita, na vijana wanautumia. Mheshimiwa akauliza swali la nyongeza. Akaambiwa Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge wakauone.

Parkesian akazima redio.

— Wanautumia, akasema Melkiadi. Mmesikia? Wanautumia.

— Tumesikia, sisi si viziwi, akasema Salvatory.

— Ule ukumbi una kufuli tangu siku ya uzinduzi. Hakuna kijana aliyeingia mle. Popo ndio wanautumia.

— Hilo jibu si letu, akasema Parkesian. Mimi hawa watu nimewasikiliza miaka mingi. Majibu yanaandikwa mengi kwa mara moja, halafu wanabadilisha jina la mahali. Sasa hivi kuna mtaa huko Lindi wameambiwa wana hali nzuri ya mifugo.

— Tusikurupuke, akasema Salvatory. Kisheria, neno kutumika ni pana sana. Jengo lililofungwa linatumika kwa kufungwa.

— Kifungu, hiyo umeitoa wapi?

— Ipo.

— Kifungu cha ngapi?

— Cha katikati hapo. Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini, wewe umekaa na mitungi ya gesi.

Melkiadi akasogeza kikombe chake pembeni. Yeye akisogeza kikombe, jua kuna jambo zito linakuja.

— Niwaambie kitu. Naibu Waziri hajadanganya. Mle ndani kuna vijana.

— Acha hizo, Cheche.

— Kuna vijana, tena sio wa kwetu. Wamepitishwa darini. Wanafundishwa nyimbo za kupokea wageni, wanafungiwa mpaka kampeni zianze, halafu mlango unafunguliwa wanatoka wakiimba. Wewe umeshajiuliza kwa nini siku za kampeni vikundi vinaota kama uyoga?

— Wanakula nini?

— Soda.

Parkesian alicheka. Mimi sikucheka.

Hilo la soda ndilo lililonichoma. Mwezi wa tano alikuja mgeni, Careen na wenzake wakaambiwa wawe uwanjani saa tatu. Mgeni alifika saa nane. Wamesimama juani wamevaa ngozi, wakicheza kila gari linapotokea kwa mbali, hata la maji, wasije wakakutwa wamekaa. Wakapewa soda. Juzi wamejaribu kupiga ngoma zile zile nyuma ya stendi, mgambo wakaja, wakawaambia wanapiga kelele. Wageni wakiwepo ni utamaduni, wageni wakiondoka ni kelele.

— Na ule ukumbi tuliujenga sisi, nikawaambia. Msinisahaulishe. Mawe yale tulibeba mgongoni kutoka kule juu. Namsikia mpaka leo marehemu Katarina akituimbia njiani, anatunga wimbo anamtaja kila mwanamke aliyebeba jiwe dogo. "Benadetha kabeba yai." Ndivyo alivyoniimba, na kesho yake nikabeba jiwe lililonipeleka kitandani siku mbili. Leo mtu anakaa Dodoma ananiambia unatumika.

— Pole, Mama Aniceti, akasema Salvatory.

— Pole yako weka.

Careen akatokea akitoka ghalani, ngoma moja begani na nyingine mkononi. Akasalimia shikamooni, tukaitikia. Alikuwa amesikiliza Bunge kwenye simu.

— Bibi, wameshaanza kushusha magunia. Mwenye ghala anasema tusingoje Jumapili. Si ameambiwa tuna ukumbi.

— Nani kamwambia?

— Naye ana redio.

Salvatory akasema dawa ni barua. Iandikwe barua kwa Mheshimiwa, aulize kikao kijacho: je, serikali inafahamu kwamba ukumbi umefungwa? Parkesian akasema bora aulize moja kwa moja ufunguo uko wapi. Wakaanza kubishana kama swali la ufunguo ni la wizara ya utamaduni au ya ardhi. Melkiadi akasema ni la ulinzi. Careen alikuwa amesimama tu na ngoma zake, anawaangalia mmoja baada ya mwingine.

Ndipo akaja Nosim, dada mkubwa wa Parkesian, kutoka Simanjiro. Alikuwa amekuja kumwona mgonjwa hospitali, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa benchini pangu. Tukamsogezea nafasi, Careen akamwinamia kichwa amguse, kwa salamu ya Kimasai. Nikammiminia kahawa. Akasikiliza muda mrefu, halafu akamwuliza mdogo wake:

— Hii nyumba mnayogombania, nani amejenga?

— Sisi, dada. Watu wa hapa.

— Nani amefunga?

— Mgeni rasmi. Siku ya uzinduzi.

— Ufunguo anao yeye?

— Anao yeye. Ila alishahamishwa, yuko mkoa mwingine.

— Nani alimpa?

Parkesian akaangalia barabara. Melkiadi akaangalia viatu vyake. Wanajua, lakini kwa heshima yangu hawakuwahi kulitamka.

— Mimi, nikasema.

Mimi ndiye niliyempa. Tulitandika sinia kitambaa cha kufuma, tukaweka mkasi wa utepe na ufunguo, nikapiga goti nikampa kwa mikono miwili. Kufuli lilikuja na funguo tatu, na zote tatu tuliziacha kwenye pete moja, tuliona zikiwa nyingi zitapendeza. Akafungua, akazunguka ndani, akahutubia, watu wakala pilau, akatoka, akafunga mwenyewe huku anapigwa picha. Pete akaitia mfukoni. Niliiona ikiingia. Wanawake wote tuliiona. Nani angemfuata mgeni kwenye gari lake amwambie baba, nyoosha mfuko? Kitu umempa mtu kwa goti huwezi kukidai kabla vumbi la gari lake halijatua. Tukasema atarudisha. Baadaye tukasema atakuwa ameiacha ofisini. Baadaye kila mtu akadhani mwenzake ana ufunguo mwingine. Naye huko alikokwenda bila shaka aliandika kwamba ameufungua ukumbi, na ukifunguliwa si unatumika? Sikuhitaji popo wala vijana wa darini kujua lile jibu lilipoanzia. Lilianzia kwenye sinia langu.

Nosim alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu hata kwa jicho.

— Na kufuli lenyewe, nani alinunua?

— Sisi, kina mama wa jumuiya.

— Sasa mnamngoja nani?

Parkesian akawasha redio, akaizima. Lori la magunia lilipita likielekea ghalani, na sisi watu wazima wanne, tuliokuwa na majibu ya Lindi na ya Dodoma, hatukuwa na jina hata moja la kumtajia yule mama.

Careen akaweka ngoma chini. Akamwuliza Melkiadi, kwa adabu kabisa:

— Babu, lile kufuli linakatika?

— Ni la chuma cha kawaida tu, akasema Melkiadi. Dakika mbili.

— Dakika mbili, nikasema. Miaka miwili watoto wanafukuzwa kama mbuzi kwenye shamba la watu, kumbe ni dakika mbili.

— Mama Aniceti, akasema Salvatory, ngoja kwanza. Kukata kufuli kuna taratibu zake. Lazima kuwe na kikao, kuwe na muhtasari, kuwe na mashahidi.

— Mashahidi hawa hapa. Na mimi ndiye niliyeutoa ufunguo, mimi ndiye nitakayesimama pale kufuli likikatwa. Akija mtu kuuliza, ataniuliza mimi, na safari hii sitapiga goti.

Melkiadi alikuwa ameshavuka barabara kufuata msumeno wake. Nikaufunika moto kwa majivu, nikajifunga kanga nyingine kiunoni, nikabeba ngoma ndogo. Ile kubwa Nosim aliinyanyua kabla Careen hajaifikia, akaitua begani kama mtu aliyezoea mizigo ya mbali zaidi ya hapo. Parkesian akatufuata na redio kwapani.

Salvatory alibaki benchini peke yake, anatuambia tunavunja sheria. Tulipofika kwenye kona nikageuka kumtazama. Alikuwa anakuja nyuma yetu kwa haraka, na alikuwa amepitia kwake kwanza kuvaa koti lake la mahakamani.