Madume ya Mzee Opicho

Sogeeni karibu, na huyo wa redio aizime. Leo sitaki kukatizwa. Nina hasira, na hasira yangu haikimbii, inatembea polepole mpaka ifike. Mimi ni Asenath, yule wa birika la kahawa kwenye kona ya Makongeni, pale ukuta ulipobomoka watu wakaweka ubao wakaketi. Kila asubuhi wanakuja wale wale. Kuna Injinia, jina lake Mulama, aliyekuwa akipaka mabehewa grisi mpaka akastaafu, na tangu siku hiyo hakuna mtambo duniani asioujua. Kuna Wakili, yaani Owuor, aliyelinda mlango wa mahakama. Kesi zilizopita mlangoni anadhani zote ziliingia kichwani mwake. Na kuna Caleb, mpwa wa Mzee Opicho, kijana wa kushinda kwa simu. Mzee mwenyewe, asubuhi hiyo ninayoisema, alikuwa hospitalini amelazwa kwa ajili ya kifua.

Mzee Opicho alipanda bangi. Nisizunguke. Serikali haitaki, kanisa langu halitaki, na mimi sijawahi kuionja. Lakini ilikuwa bangi ya mama yake, ya huko kwao mteremko wa Elgon, naye mama alipewa na mama yake. Ni ile ndefu nyembamba, inayokaa shambani mpaka unaisahau, na ukiisugua inanuka kama ganda la limau. Haikuwahi kununuliwa dukani. Kila msimu mzee alichagua jike la kumzalia mbegu. Hakuchagua lile nene, alichagua lile lililosimama mvua nzima bila kuota ukungu. Halafu aliacha madume machache, yale yaliyochelewa, akayatikisa kwa mkono asubuhi ili vumbi lao liyaangukie majike. Yote hayo nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mabati, katikati ya mahindi. Akiba ya kule nyumbani panya walishaimaliza. Kwa hiyo ukoo wote wa mbegu ile ulikuwa hapo uani.

Basi akaja Nabalayo, binti yake, hata salamu hakutoa. Akatupa fungu la mashina yaliyonyauka miguuni pa Caleb.

Nabalayo: Hii ni nini?

Caleb: Si ni madume, sista.

Nabalayo: Nani ameng'oa?

Caleb: Mimi. Tulia. Nimeona kwa simu, wasee wa ng'ambo wote wanasema dume likianza maua, toa haraka. Likibaki linaharibu majike, yanajaa mbegu, stimu inapotea. Nimeokoa shamba, manze.

Nabalayo: Umeng'oa yote?

Caleb: Yote! Sikuacha hata moja.

Alisema hivyo akitabasamu, anangoja kupongezwa. Nikasogeza vikombe kando.

Nabalayo: Caleb, Baba alikwambia umwagilie maji. Alikwambia kitu kingine?

Caleb: Mtu pia ana akili yake.

Nabalayo: Akili! Baba alikuwa anangoja atoke hospitali aje achume mbegu. Aliniambia mwaka huu ni yangu, niipande shambani kwa Kukhu, bibi yangu, kule juu ilikotoka. Sasa nikapande nini? Nikapande simu yako?

Injinia: Polepole, watoto. Kukhu Asenath, nitilie kahawa kwanza, niwaeleze hii kitu kitaalamu. Makosa si ya Caleb. Makosa ni ya reli.

Wakili: Ati reli?

Injinia: Treni ya mafuta ikipita, udongo unatetemeka. Mmea ukitetemeshwa hivyo unazaa madume matupu. Yalikuwa yamezidi, lazima yangetolewa.

Nabalayo: Mzee, reli ilikuwa hapa kabla hujazaliwa.

Wakili: Injinia, kaa chini, hii ni kesi. Caleb, hizo video nani ameweka? Watu wa ng'ambo. Na hao watu wa ng'ambo wanauza mbegu, ndio ama siyo? Wakiwaambia nyote mng'oe madume, mwakani mtanunua kwa nani? Huo ni wizi. Uko kwa Katiba, kifungu cha... kifungu kipo.

Caleb: Mnaona? Kumbe mimi ndiye nimeibiwa. Mimi ni mlalamishi.

Injinia: Na si video peke yake. Juzi hamkuona ile ndege ndogo ya kamera ikizunguka juu ya mtaa wa Mbotela? Eti inapiga picha za ploti. Uongo! Ilikuwa inafyonza vumbi la madume. Ina pampu ya kufyonza, mimi naijua, ni ndugu ya breki ya behewa.

Wakili: Hapo umegonga. Vumbi limeshafika ng'ambo, limeandikishwa jina la kampuni. Leo Mzee akiwasha kiko chake, anaweza kushtakiwa kwa kuvuta mali ya watu.

Injinia: Na hicho kifua je? Mtu alikuwa mzima, ghafla amelazwa. Wamemtoa njiani.

Caleb: Eeh! Hapo sasa tunaelewana.

Hapo nikaligonga birika kwa mwiko mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Mimi: Nyamazeni! Wazee wazima! Ndege iliingia uani ikainama? Treni ina mikono? Aliyeng'oa yuko hapa, udongo uko kwenye kucha zake, na amekaa anakunywa kahawa yangu!

Caleb: Kukhu, usinigeuzie mimi peke yangu. Hawa wamelalamika kila jioni. Injinia, si wewe ulisema ya Mzee ina mbegu mob, inalipuka inatoboa shati? Na wewe Wakili, si ulisema Mzee ni mshamba, ati mtaa wa Donholm wasee wanavuta kitu safi, haina mbegu hata moja? Mimi nilikuwa nasikia. Nilifanya mlichotaka.

Injinia: Mimi niliongea kama mvutaji tu.

Wakili: Yale yalikuwa maoni. Maoni si amri ya mahakama.

Nabalayo hakuwasikiliza. Alikuwa amechuchumaa, anachukua shina moja moja, anapasua vile vitumba vya maua kwa ukucha, anapuliza kwenye kiganja, anatazama. Alikuwa anatafuta vumbi la manjano, hata la kupaka ncha ya kidole. Hapakuwa na kitu. Yaling'olewa kabla hayajafunguka, yakakaukia juani na ubichi wao ndani.

Pembeni alikuwa amesimama Wehliye, mtu wa magodoro, aliyefungua duka hapo karibuni tu. Alikuwa amekuja kunywa kahawa kwangu kwa mara ya kwanza.

Wehliye: Samahani, mama. Mimi ni mgeni na mambo ya bangi siyajui. Naomba kuuliza. Hii ya mzee, nyinyi mmeivuta kwa muda gani?

Wakili: Ooh, kitambo. Tangu tukiwa vijana.

Wehliye: Na kila mara mnatoa mbegu kwanza?

Injinia: Lazima. Unachambua, unatupa.

Wehliye: Hakuna hata mmoja wenu aliyeweka moja?

Jamani. Injinia alitazama kikombe chake. Nabalayo aliinuka akawatazama mmoja mmoja, na nawaambia hakuwa akiwasuta. Alikuwa anangoja jibu.

Nabalayo: Mifuko. Angalieni mifukoni.

Wakasimama. Wanaume watatu wakageuza mifuko ya makoti na ya suruali nje ndani, hapo barabarani, watu wakipita. Injinia alitoa ufunguo na makombo ya tumbaku, akayachambua kwa kidole, moja moja, huku midomo ikimcheza. Wakili alitoa pipi ya mnanaa iliyoshikana na karatasi yake. Caleb hakuwa na kitu ila chaja. Nabalayo akaangalia kila kiganja, akasema asante, akaenda hospitalini kumwambia baba yake. Hakuna aliyejitolea kumsindikiza.

Mzee Opicho hakurudi Makongeni. Tulimpeleka kwao, tukamzika katika mvua. Baada ya arobaini ndugu wakakaa kugawa vitu. Caleb alirithi kitanda na yale mabati ya ua, ameyauza. Injinia alipewa koti la Mzee la kazi ya reli, linamfika magotini, na halivai hapa kwangu. Wakili aliomba kile kiko, wakampa bila kubishana. Nabalayo alirithi kipande cha shamba la bibi yake kule juu, udongo mweusi, mvua haikosi. Amepanda viazi. Ukimuuliza anakwambia vinatoka vizuri, kisha anakuuliza habari za watoto.

Na kijiwe kikarithi ile ya Donholm, fupi, nene, safi. Haina mbegu hata moja.