Erastus Kai Tinga na Mobileti ya Baba (1957–2025)

Marehemu Erastus Kai Tinga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa hapa Mtongwe, Likoni, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mwinjilisti Tinga Kai na marehemu Mama Dhahabu. Baba yao alizunguka makanisani kwa Mobileti ya buluu, kile kipikipiki cha Kifaransa chenye pedali, na Erastus ndiye aliyekalishwa juu ya tangi. Mdogo wake Phineas, anayewasomea wasifu huu, alipozaliwa alikuta nafasi ya tangini ina mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi Likoni kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akajifunza umakanika mjini Mombasa na kuhitimu mwaka 1976. Walimu walimsifu kwa mikono mizuri na kumlaumu kwa kutomaliza alichoanza. Phineas anathibitisha yote mawili.

Mwaka 1977 aliajiriwa bandarini Kipevu kutengeneza mitambo ya kunyanyulia mizigo, akastaafu mwaka 2017 bila doa. Laiti ufundi wake ungebaki bandarini. Nyumbani alirundika vipikipiki vingine vya Kifaransa: Soleksi, ambayo injini yake hukaa juu ya gurudumu la mbele, Pijo mbili za pedali, na vipande ambavyo yeye peke yake alijua ni vya nini. Chumba cha wageni hakikuwahi kulaza mgeni. Siku alipofanikiwa kuiwasha Soleksi, mwaka 2016, alifika nayo Shelly Beach, ikazimika, akarudi akikanyaga pedali huku vijana wa bodaboda wakimuuliza, “Mzee, hiyo ni baiskeli ama ni jiko?” Alirudi ametota jasho na anacheka peke yake.

Mobileti ya baba iliuzwa wakati Erastus yuko shuleni. Aliipata tena mwaka 2004 kule Jomvu, imeegemezwa kwenye banda la kuku. Alijua ni yenyewe kwa sababu baba alikuwa ameandika namba ya fremu nyuma ya Biblia yake, na namba zilikuwa sawasawa. Erastus alilia mbele ya kuku wa watu. Akaapa kwamba ataiwasha na kwenda nayo kanisani, na kiapo hicho kikatufunga sote kwa miaka ishirini.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Bi Dama Randu kanisani Changamwe, wakajaliwa Nyamvula na Gershom. Dama alivumilia mengi. Siku moja alikuta mnyororo umelowekwa kwa petroli ndani ya karai lake la kukandia unga.

“Baba Nyamvula, chagua,” akamwambia. “Mimi ama hivi vyuma vyako.”

“Hebu nishikie taa kwanza,” akajibu Erastus bila kuinua kichwa.

Dama akamshikia.

Mobileti ilikamilika, ila kabureta, kile kifaa cha kuchanganyia petroli na hewa. Mpwa wao Dishon, ambaye ni baharia, alimletea moja mwaka 2009, ikawa ndogo. Ya mwaka 2014 ikawa kubwa. Ya mwaka 2019 ilikuwa ya mashine ya kukatia nyasi. Phineas alichoka, akamwambia, “Kaka, achana nacho. Hicho ni chuma tu.”

“Wewe waona chuma,” Erastus akasema. “Mimi namuona baba.”

Phineas aliudhika sana, kwa maana baba alikuwa wa wote wawili. Hakukanyaga pale kwa miezi miwili.

Erastus alianza kuugua figo mwaka 2022. Tarehe 3 Machi mwaka huu Dishon alimletea kabureta ya nne hadi kitandani hospitalini. Aliigeuzageuza mikononi, akaipima kwa vidole, akasema, “Ndiyo hii.” Aliomba arudishwe nyumbani siku hiyo hiyo, na madaktari wakakataa. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, kabureta ikiwa chini ya mto.

Jumatatu, ilipobidi nafasi ipatikane nyumbani kwa watu wa kulala matangani, Phineas ndiye aliyesimamia usafi. Kwa haraka, na kwa hasira aliyoiweka miaka yote hiyo, alimwita mtu wa vyuma chakavu, akamwambia abebe kila kilicho kichafu. Fremu ya buluu iling’aa, ikaachwa. Injini ilikuwa imefunguliwa ikingoja kabureta, imo ndani ya gunia lenye grisi.

Dama alirudi kutoka hospitali na kabureta ndani ya leso. “Shemeji,” akauliza, “lile gunia la pembeni liko wapi?”

Lilikuwa limekwenda na vyuma chakavu. Wiki hii Phineas amekwenda mara tatu hadi Ziwa la Ng’ombe, kwa wauza vyuma chakavu, akapekua marundo ya vyuma hadi akachanika mikono. Anajua sasa jinsi mtu anavyoweza kukosa usingizi kwa ajili ya injini.

Marehemu ameacha mjane, Bi Dama, watoto, Nyamvula na Gershom, wajukuu watatu, mpwa wake Dishon, na mdogo wake Phineas. Dama amekataa kabureta izikwe. Aliye na habari ya injini ndogo ya silinda moja, ndani ya gunia la sukari, amwone Phineas leo kabla ya chakula.

Erastus, pumzika kwa amani. Injini anaitafuta mdogo wako.