Maji Hayamo Kwenye Orodha

Kijiwe chetu cha hapa Newala mjini kiko ukutani mwa duka la pembejeo: benchi moja refu na birika la kahawa la Baba Huruma. Mimi nakaanga mihogo hatua tatu kutoka hapo, mtoto mgongoni, na kwa kuwa sisemi sana, wanasema kila kitu mbele yangu. Nikolao anaitwa Mkandarasi, ingawa hajawahi kujenga hata banda la kuku. Ambrosi anaitwa Kangomba, kwa sababu zamani alinunua korosho za watu kwa bakuli, kimyakimya, kabla ya mnada. Dickson ni Rada, habari zote humfikia kwanza. Asubuhi ile Rada alikuja mbio kutoka ofisi ya mtaa, akakaa bila kusalimia mtu.

— Jamani, maji hayamo!

— Hayamo wapi? — Mkandarasi akauliza.

— Kwenye karatasi! Vipaumbele vya mtaa wetu vya kuombea fedha serikali kuu, vimebandikwa ubaoni. Kwanza, taa za barabarani. Pili, jukwaa la uwanja wa mpira. Tatu, mnara wa saa wenye sanamu ya korosho juu. Basi!

Kikombe cha Kangomba kikabaki hewani.

— Acha utani, Rada. Newala hii? Mtaa huu huu ambao mke wangu anashuka bondeni na ndoo kabla jogoo hajawika?

— Nimesoma mara tatu. Nakala imeshafika halmashauri tangu jana. Kubadilisha ni mpaka mwaka ujao wa fedha.

Simu yenye picha ya karatasi ikapita mkono kwa mkono. Mkandarasi akaivuta ikawa kubwa, kana kwamba maji yamejificha nyuma ya herufi.

— Mungu wangu! Hii kazi ya mtendaji. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Mtendaji si mgeni, kazaliwa hapo Kitangari, — Baba Huruma akasema.

— Ndiyo maana kamba hatuioni!

— Mnamwonea, — Rada akasema. — Ni kompyuta ya Dodoma. Neno likiombwa na kila mji, inalichoka, inalifuta yenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani sasa? — Baba Huruma akauliza huku akimimina.

— La kompyuta!

Kangomba akatikisa kichwa kama mtu anayewahurumia watoto.

— Masasi, ndugu zangu. Hii ni kazi ya jirani zetu wa Masasi. Wametuma mtu akayafuta maji yetu, wakayaandika kwao. Subirini, mtawaona Masasi wanaoga mara tano kwa siku.

— Ufunguo wa ofisi yetu waliupata wapi?

— Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Utaelewa baadaye.

— Nyie hamjui mambo, — Mkandarasi akasema, akashusha sauti. — Chini yetu hapa kuna madini. Kisima kikichimbwa, wananchi tutayaona. Kwa hiyo maji hatupewi, ng'o, mpaka wazungu wamalize kuyahamisha hayo madini kwa chini.

— Kwa chini?

— Kwa chini! Mpaka Msumbiji!

Hapo ndipo alipofika Witness, mke wa fundi cherehani aliyehamia mwezi uliopita kutoka Chilangala. Mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Kichwani alikuwa na ndoo ya maji, mkononi ndoo tupu. Akaitua ile ya kichwani kwenye benchi, akajishika kiuno, akavuta pumzi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Vipi tena?

— Uchungu umeanza, naenda zahanati. Bomba lao limekauka, nesi anataka kila mzazi aje na ndoo mbili. Nimepata moja. Nimesikia mnataja maji. Yanakuja lini?

— Hayamo kwenye orodha, mwanangu, — Rada akajibu taratibu.

— Kwa nini?

— Tunachunguza.

— Si kulikuwa na mkutano? Ninyi mlienda?

— Wote! — Mkandarasi akasema kwa fahari. — Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mimi nilisimama nikaueleza mnara wa saa, watu wakapiga makofi.

— Mimi niliomba taa, — Kangomba akasema.

— Mimi jukwaa, — Rada akamalizia, sauti ikishuka.

— Na maji aliyasema nani?

Rada akamgeukia Kangomba.

— Nilijua Kangomba atasema.

— Mimi nilimwachia Rada, si ndiye mwenye mdomo?

— Lakini maji nani hayajui? — Mkandarasi akalipuka. — Kusimama Newala useme hatuna maji ni kama kusimama useme jua linawaka. Ningechekwa! Serikali yenyewe inajua.

Baba Huruma akaweka birika chini.

— Mimi nilinyoosha mkono kwa yote matatu, — akasema. — Yesu wangu. Kwa yote matatu.

Witness aliwatazama mmoja mmoja.

— Na wanawake je? Hakuwepo hata mmoja?

— Saa mbili wako bondeni, — Kangomba akasema, kisha akageuka kutazama njia ya bondeni. — Sijui, mama. Hatukuangalia nyuma.

Mimi nilikuwepo. Siku ile shemeji yangu alinichotea maji, nikaenda, nikakaa kiti cha mwisho nikimnyonyesha mtoto. Neno lilikuwa moja tu, la herufi nne. Nikangoja mkubwa yeyote aanze kulisema. Mwenyekiti aliuliza mara mbili, "Kuna lingine?" Mara zote mbili nikatazama miguu yangu.

Nikaepua karai, nikajitwika ndoo niliyokuwa nayo ya kuoshea mihogo, bado imejaa.

— Twende, — nikamwambia Witness.

— Asante, dada. Mungu akubariki.

Njiani alisimama mara tatu kwa uchungu, akinishika bega, na kila aliposimama nilitaka kumwambia. Tulifika mlangoni mwa zahanati sijamwambia.