Mwisho Aliosimuliwa Girdhari

Hebu sema kweli: umewahi kumdanganya mtu asiyeona juu ya kitu kilichokuwa mbele yenu nyote wawili? Bansi alikuwa ametoka kufanya hivyo muda si mrefu, na sasa ameketi kwenye benchi la Chachi Phulmati, mama muuza chai, ng'ambo ya jumba la sinema, hapo Kanpur, kikombe cha udongo kinamuunguza vidole naye hana habari. Kando yake kakaa Girdhari, fimbo katikati ya magoti, uso kauelekeza kwenye mvumo wa jiko. Kila Ijumaa filamu mpya inapoanza, wawili hawa huingia onyesho la mchana, na Bansi humnong'onezea rafiki yake yale yote yanayopita bila maneno: nani kaingia, nani kaficha kisu, binti kavaa sari ya rangi gani. Kijiwe kikampa Bansi jina la Redio. Wakitoka huvuka barabara, Chachi akawamiminia chai ya tangawizi, na mabingwa wa benchi wakaanza kazi, maana pale kila mtu anaijua sinema kuliko walioitengeneza.

Filamu ya leo ilikuwa ya mwimbaji kipofu anayewasaka watu waliompofusha na kumuulia mke, mmoja baada ya mwingine.

— Uongo mtupu, alisema Wakili, ambaye hakuwa wakili. Alifeli mitihani ya sheria mara nyingi mno hadi jina likamganda. — Kipofu atalengaje bastola gizani?

— Gizani si ndiko kwake? alimrukia Daktari, mpima vidonge wa duka la dawa la pale kona. — Wewe ndiye utakayejikwaa. Macho yakifa, pua inakua. Kitabibu linajulikana hilo. Kipofu ananusa jasho la mwongo kama wewe unavyonusa sambusa.

— Basi tuwape vipofu mahakama.

— Kwani hao mahakimu waliopo wanaona? alisema Chachi, anachuja chai.

— Mimi nawaambia yule hakuwa kipofu hata kidogo! Wakili alisimama ili aaminike. — Anaona tangu mwanzo, anajifanya. Hamkutazama alivyovuka barabara? Mji huu mwenye macho mawili na miwani juu havuki vile.

— Ahaa, hujui wewe. Mwigizaji yule aligandishwa kope kwa gundi mwaka mzima. Shemeji yangu yuko Mumbai, kamwona kwa macho yake.

— Na nani alikuwa anamlisha? Shemeji yako?

Girdhari alicheka hadi chai ikamwagikia kidoleni. Ndipo Daktari, ambaye mdomo wake hutangulia akili, akauliza:

— Girdhari bhai, ndugu yangu, na wewe je? Ungempata wa kwako, aliyekupofusha?

Chachi alimtupia jicho la kumchuna ngozi. Girdhari hakukasirika.

— Ningempatia wapi? Siku ya Holi, tukipakana rangi mtaa mzima, watu wote wana uso mmoja, uso wa rangi. Mkono ulinijia kwa nyuma, ukanipaka usoni, mtu akacheka, akasema, "Usikasirike, ni Holi." Mtaa mzima ulikuwa unasema hivyo hivyo. Na mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka rangi ilipoanza kuniwaka machoni.

Bansi alitazama mkono wake wa kulia. Benchi zima hakuna mwingine aliyejua mkono ule ulikuwa wa nani. Tangu mwaka ule amemshika Girdhari kumpeleka hospitali, sokoni, harusini, sinema. Watu wakamsifu. Sifa zile alianza kwa kuzikimbia, baadaye akazizoea, na siku hizi zikichelewa huzisubiri. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

— Ila yule wa kwenye filamu ana bahati, aliendelea Girdhari. — Adui yake wa mwisho ni diwani. Diwani unamnyonga, unakwenda kulala usingizi wako.

— Diwani yupi? aliuliza Wakili.

— Yule wa mwisho. Pale kwenye mvua, penye ngoma tupu bila maneno.

— Diwani alikufa kabla ya mapumziko, bhai! Wa mwisho ni rafiki yake. Huyu huyu anayemshika mkono filamu nzima. Kumbe ndiye aliyempofusha.

Benchi zima likamgeukia Bansi.

— Redio imeisha betri! Daktari alipiga makofi. — Kasinzia huyu!

— Mwacheni, alisema Chachi. — Umri nao. Mimi mwenyewe nasinzia nimeshika birika.

Mlango ukawa wazi, mpana. Neno moja tu, "nilisinzia," na Ijumaa ijayo wangeingia tena, kiti kwa kiti. Bansi akafungua kinywa.

— Hakusinzia.

Aliyesema ni mwanamke kijana, mkoba wa vitabu begani, aliyekuwa amesimama akingoja chai yake. Hakuna aliyemjua.

— Samahani, nilikaa nyuma yao. Nikaacha kusikiliza filamu, nikamsikiliza yeye. Anasimulia vizuri jamani! Hata pete ya yule rafiki aliitaja jiwe lake. Akamgeukia Bansi, uso mkunjufu wa mtu asiye na kinyongo. — Baba, mbona mwisho ulimbadilishia?

Wakili, mwenye jibu la kila kitu tangu kuumbwa kwa dunia, alikagua mashapo ya chai yake. Daktari alijikuna.

— Labda alinionea huruma, alisema Girdhari taratibu. — Hakutaka nirudi nyumbani nikianza kuwahesabu marafiki zangu. Au sivyo, Bansi?

Huo ulikuwa mlango wa pili, na safari hii kaufungua Girdhari mwenyewe, kwa upole wa mtu anayemsogezea mgeni kiti. Bansi alikiweka kikombe chini. Hakumtazama mtu.

— Sivyo.

— Sivyo nini?

— Chokaa iliyokuunguza macho niliitoa mimi, kiwanda cha ngozi, ile ya kunyonyolea manyoya. Nikaichanganya na rangi ili isikutoke wiki nzima, tupate kukucheka.

Girdhari aliugeuza uso kutoka kwenye jiko, akamwelekea yeye.

— Niliyekupaka ni mimi. Na ulipokuwa unalia maji, maji, nilikuwa nimesimama penye bomba, Girdhari. Ndoo ya maji ninayo mkononi. Nikaitupa, nikakimbia.