Mlango wa Ghala Kwenye Nembo ya Kaunti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gavana, viongozi mlioambatana naye na jirani zetu wa mtaa huu wa Jacobs,

KARIBU
Karibu Durban. Sisi ni wana wa kaunti yako arobaini na wawili. Wengi wetu tunapakua makontena bandarini, wengine tuko viwandani. Kukuona kumetuondolea upweke wa miaka.

NEMBO ILIYO UKUTANI
Nembo ya kaunti iliyo nyuma yako imedariziwa na Odette Akimana. Odette ni Mrundi, mjane wa mwenzetu Marwa, dereva wa lori aliyefariki mwaka juzi kwa homa ya mapafu.

Tulipompa picha na nyuzi, alikataa kuanza kabla ya kuelezwa anachoshona. Mwenyekiti wetu, Mwita, akakaa naye Jumamosi nzima. Akamweleza kwamba ng'ombe ni mali, ngoma ni wito wa kukusanyika, na ghala lenye mlango wazi maana yake mtoto wa ukoo hafungiwi chakula, hata akizaliwa mbali.

Odette akaiweka sindano chini.

"Papa Mwita," akauliza, "Anaïs wangu naye iko mtoto wa ukoo?"

Anaïs ni binti wa Marwa, ana miaka kumi na minne. Kila mwaka babake aliahidi kumwandikisha kwa serikali ya nyumbani mwakani, hadi ukaja mwaka ambao yeye hakuuona. Sasa shule inadai karatasi, na mtoto hana hata moja.

MAFANIKIO
Jumapili tulipiga simu kwa mama yake Marwa, ambaye hakuwahi kusikia sauti ya mjukuu wake. Odette alituapia kwamba mama huyo angekata simu. Akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Bibi alimsikiliza Anaïs akitaja jina lake, la babake na la babu.

"Huyo ni wa mwanangu," akasema. "Mleteni."

Odette alilia pale pale dirishani. Nembo aliimaliza kwa siku nne.

CHANGAMOTO NA OMBI
Chifu ameshaandika barua ya kumtambua mtoto, lakini faili la mtoto limelala ofisi ya usajili huko nyumbani kwa miezi mitano sasa. Risala hii ilikuwa na maombi sita. Tumeyafuta matano. Tunakuomba umtume mtu mmoja tu alifuatilie faili hilo.

Odette alitusihi tusimtaje, asije akaharibu sherehe ya watu. Tumemkaidi, atusamehe.

Anaïs ameketi safu ya pili, gauni la kijani. Mheshimiwa, kabla hujaondoka, tunaomba umsalimie kwa lugha ya nyumbani. Amejifunza kuitikia.

Mungu akufikishe salama kwa watu wako, ambao ndio watu wetu.

Ni sisi,
Umoja wa Wanakaunti, Durban
Imesomwa na Irene, Katibu